RAM kwanza, kadi baadaye: kompyuta nzee ya kuhariri harusi

Video za kupamba hazitoki nyumbani kwangu mpaka nizikabidhi kwa wenyewe. Aliyewahi kuhudhuria harusi ya Waswahili hapa Mombasa anajua kwa nini. Usiku wa kupamba ni wa wanawake watupu, mabuibui yanavuliwa mlangoni, nywele ziko wazi, na siku hizi kuna nyumba ambazo simu za wageni hukusanywa kabisa au kamera zake hubandikwa stika. Mpiga video lazima awe mwanamke, na mama wa bibi harusi kabla hajauliza bei huuliza, "Na hizi picha zitabaki kwa nani?" Nikimjibu kwamba nahariri mwenyewe, kwenye mashine yangu, chumbani kwangu Mji wa Kale, basi kazi nimepata. Kwa hiyo ushauri ninaopewa na vijana wa studio, kwamba niwapelekee faili kwenye mashine zao zenye nguvu au nizipandishe mtandaoni, haunifai hata chembe. Mashine yangu ndiyo hiyo hiyo, na ikichoka, ni kuitibu.

Yenyewe ni Dell OptiPlex 7010, ile ya umbo la mnara, mojawapo ya zile za maofisini zinazoshushwa bandarini tukaziita ex-UK hata kama zimetoka Uholanzi. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, ni Core i5-3470 ya mwaka 2012, yenye kori nne. Ilinijia na RAM, ile kumbukumbu ya kushikia kazi iliyo wazi, ya GB 8, na bila kadi ya grafiki, kile kipande cha kutengenezea picha za skrini. Picha zilikuwa zikitoka kwenye Intel HD 2500 iliyomo ndani ya prosesa, ambayo haina kumbukumbu yake na huazima RAM ya mashine. Kwa barua, hesabu na YouTube haina neno. Lakini ipe saa nne za kupamba kutoka kamera mbili, fremu 50 kwa sekunde, halafu uitake irekebishe rangi za kanga na dhahabu chini ya zile taa za zambarau wanazozipenda wapambaji wa kumbi. Utajuta.

Kila niliyemuuliza alisema neno moja: nunua kadi. Mdogo wangu alilisema kwa sauti kubwa kuliko wote, maana alikuwa na hesabu zake za mpira wa kompyuta. Mimi nikaamua kuangalia kwanza. Nikaacha Task Manager, lile dirisha la Windows linaloonyesha mashine inahangaika na nini, wazi pembeni nikiwa kazini, na kila mashine ilipokwama nikaichungulia. Windows 10 huonyesha pale pale kazi ya prosesa, RAM na diski, na tangu toleo la Oktoba 2017 hata ya grafiki kama si ya zamani sana, kwa hiyo huhitaji programu ya ziada. Nilichokiona ni kwamba prosesa ilikuwa ikipanda na kushuka, lakini RAM ilikuwa imejaa mpaka juu na diski inasoma asilimia 100 huku mimi sikopi kitu chochote. RAM ikijaa Windows haikupi habari. Huanza kimya kimya kuhamishia vitu kwenye diski, na diski ya kuzunguka haina mbio za RAM hata kwa mbali. Ndiyo ile hali ya kubofya kitu, ukaenda kumimina chai, ukarudi kile kiduara bado kinazunguka.

Kadi ya bei yoyote ile isingeondoa hilo. Upande wa pili, nilipofika kwenye kurekebisha rangi ndani ya DaVinci Resolve, programu ilikuwa ikinitolea ujumbe kwamba kumbukumbu ya grafiki imejaa. Basi maradhi yalikuwa mawili, na lile la bei nafuu ndilo lililokuwa likinila saa nyingi zaidi. Nikaanza na RAM.

RAM za DDR3, aina inayoingia kwenye 7010, zimejaa tele kwenye vibanda vya barabara ya Digo na vichochoro vya Moi Avenue, kwa sababu mashine mpya hazizitumii tena na mafundi wanazitoa kwenye maiti za kompyuta kila siku. Bei ni ya kuelewana. Mimi nilipata vipande viwili vya GB 8 kwa Sh2,200 kila kimoja. Kazi ni kusoma lebo, na wauzaji wengi hawaisomi. Kipande kikiandikwa PC3-12800, hiyo ni DDR3 ya kasi ya 1600, sawa kabisa kwa 7010. Herufi inayofuata ndiyo yenye mambo. Ikiwa U, ni ya kompyuta ya kawaida ya mezani. Ikiwa S, ni ya laptopu, na utaijua kwa ufupi wake. Ikiwa R, imetoka kwenye seva. Urefu ni ule ule, pini 240 zile zile, inaingia kwenye sloti bila kukataa, na mashine haiwaki. Hizo za seva huwa rahisi kwa namna inayovutia sana, hasa mtu akikupa GB 16 kwa bei ya GB 8. Pia kuna vipande vya GB 8 vipya kabisa, vina maandishi kwamba ni vya AMD. Navyo bei yake ni ya kuchekesha, lakini havifanyi kazi kwenye mazabodi (bodi kuu) za Intel, hata muuzaji aape vipi.

Kwenye 7010 sloti ziko nne, mbili zina vibanio vyeupe na mbili vyeusi. Jozi inayofanana iingie kwenye vyeupe, jozi nyingine kwenye vyeusi, ili prosesa isome njia mbili kwa pamoja. Kwa grafiki ya ndani inayoazima RAM, tofauti ya njia moja na mbili inaonekana kwa macho. Nikaweka zile GB 8 mbili kwenye vyeupe, zile za zamani za GB 4 nikazirudisha kwenye vyeusi, jumla 24.

Nikabonyeza kitufe. Taa ikawa ya manjano, inapepesa, skrini giza.

Hapa ndipo Mombasa inapoingia. Watu wa bara wakiandika kuhusu kufungua kompyuta wanaonya sana juu ya umeme tuli wa mwilini, na ni kweli ugusaji wa chuma cha kasha kabla ya kushika chochote ni tabia nzuri. Lakini kwa unyevu wa huku kwetu adui wangu mkubwa ni chumvi. Nyumba yangu inapokea upepo wa bahari moja kwa moja, na msimu wa kusi ukikaza, ukipitisha kidole kwenye kioo cha dirisha unaweza kukilamba ukaonja. Ile hewa inapita pia ndani ya kasha, feni inaivuta mchana kutwa. Nilipokitoa kipande kimoja cha RAM nikakielekeza kwenye mwanga, meno yake ya dhahabu yalikuwa na utando wa ukungu, si uchafu wa kuonekana mara moja. Nikachukua raba ya penseli, ile nyeupe laini, nikayasugua taratibu pande zote mbili mpaka yakang'aa, nikapangusa unga wa raba, nikamalizia na spiriti ya isopropili kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi. Sloti nazo nikazipuliza. Nikarudisha kipande, nikakandamiza ncha zote mbili kwa dole gumba mpaka vibanio vikajifunga vyenyewe kwa mlio. Ikawaka, ikasoma 24.

Usiku ule nikaiachia MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi mpaka asubuhi. RAM ya mitumba inaweza kuwaka vizuri na bado ikawa na chembe moja mbovu, nayo hungoja siku ya mwisho ya mradi wako ndipo ijitangaze. Na ukiongeza RAM ukaona Windows inakubali chini ya GB 4 tu, usimrudie muuzaji kwa hasira. Tazama kama aliyekuuzia mashine alipakia Windows ya biti 32. Nimeziona hivyo kwa jamaa zangu.

Baada ya hapo nilifanya kazi kwa muda bila kadi, kwa makusudi, nijue RAM imenipa nini. Imenipa kingi. Kukata, kupanga, kuweka muziki, kufungua kivinjari pembeni kumtafutia mteja kaswida aitakayo, yote yakawa kazi ya kawaida. Mwanamke mwenzangu anayehariri semina na mikutano tu, bila rangi wala mapambo, nilimwambia aishie hapo, pesa ya kadi anunulie SSD, diski isiyozunguka na yenye mbio zaidi.

Mimi rangi ndiyo kazi yangu, kwa hivyo kadi ilibaki palepale kwenye orodha.

Kwenye mashine za maofisini, kadi haichagui mnunuzi. Pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme, ndiyo inayochagua. Yangu imeandikwa wati 275 ubavuni, na haina ule waya wa pini 6 wa kulisha kadi kubwa. Sloti yenyewe inatoa wati 75 na si zaidi. Hapo tayari umeshafuta nusu ya kadi za sokoni. GTX 1060 inakula wati 120 na inataka waya. RX 580 ndiyo usiiguse kabisa, ni wati 185. Hizo zilimwagwa kwa wingi sokoni baada ya Ethereum kuachana na uchimbaji Septemba 2022, ndiyo maana ziko rahisi. Kuna watu watakuuzia waya wa kugeuza, unaochukua umeme kwenye plagi ya diski na kuupeleka kwenye kadi. Mimi siuingizi nyumbani kwangu. Plagi ya diski haikutengenezwa kwa mzigo ule, na plastiki huyeyuka.

Unaweza kubadilisha pawa saplai yenyewe, na 7010 ya mnara ina bahati kwa sababu inatumia plagi ya kawaida ya pini 24. Ndugu yake aliyemfuata, 9020, alibadilishiwa ikawa pini 8 za Dell peke yao, na hapo unahitaji waya maalumu. Lakini mtu akishaanza kununua pawa saplai mpya ya mashine ya 2012, naona ni wakati wa kukaa chini na kalamu.

Zilizobaki ni kadi za wati 75 kushuka. GT 1030 ni wati 30 tu, inaingia popote, lakini haina kifaa cha kusimbia video, yaani cha kuibana iwe faili dogo, ndani yake, na kwa mtu wa video hilo ni pengo kubwa. GTX 750 Ti ya 2014 ni wati 60, nyingi zina GB 2. GTX 1650 ya 2019 ndiyo nilikuwa naitamani, bei ikanikatalia. Katikati pakabaki GTX 1050 Ti, ya Oktoba 2016, GB 4 za kumbukumbu, wati 75, na nyingi hazina haja ya waya wowote.

Kijana mmoja wa duka alinitolea moja kwenye boksi linalong'aa.

"Dada yangu, hii 1050 Ti safi, mpya, wallahi. Elfu saba tu kwa sababu ni wewe."

Nikaigeuza. Nyuma kulikuwa na tundu la HDMI, la DVI, na la VGA, lile la buluu la pini 15.

"Mbona ina VGA?"

"Si ndiyo uzuri wake! Hata monita ya zamani wachomeka."

NVIDIA, watengenezaji wa 1050 Ti, waliacha kutoa picha za analogi, zile zipitazo kwenye VGA, kuanzia kizazi cha 10, ambacho ndicho chake. 1050 Ti ya kweli haina VGA. Zile zenye nayo mara nyingi ni kadi za zamani sana, za ukoo wa GTS 450 au GTX 550 Ti, zilizoandikwa upya ndani yake zijitambulishe kwa jina la mkubwa; ukiichomeka, Windows yenyewe inakubali kuwa ni 1050 Ti yenye GB 4. Nilikuwa na GPU-Z kwenye flashi, programu ndogo ambayo tangu 2018 inazitambua kadi hizo na kuziandikia kabisa kwamba ni bandia. Nikamwomba aiweke kwenye mashine yake ya duka tuone. Akasema mashine ya duka ina kazi. Nikamshukuru, nikamwachia kadi yake.

Ninayoitumia niliinunua kwa kijana wa Nyali aliyekuwa anahamia kadi kubwa zaidi, Sh11,000, nikiwa na mdogo wangu. Tuliikuta inafanya kazi ndani ya mashine yake, tukaendesha GPU-Z, tukamwacha mdogo wangu acheze kidogo kwa jina la majaribio, nami nikawa natazama joto. Nairobi ningeipata pungufu ya elfu moja hivi, iletwe kwa basi kama kifurushi, lakini kadi iliyokwisha kulipiwa na kushuka Mwembe Tayari haina wa kuijaribia. Kitu kingine ninachokitazama, na sijamsikia mtu akikisema, ni kile kibati cha nyuma kinachofungwa skrubu kwenye kasha. Kikiwa na madoa ya kutu, kadi hiyo imeishi dirishani karibu na bahari, na ukungu ulioko kwenye kibati upo pia mahali usipopaona. Cha kijana huyu kilikuwa kinang'aa. Chumba chake kina AC.

Kabla ya kuichomeka nilipeleka mashine kwa fundi mmoja mzee, kwani feni ya pawa saplai ilikuwa imeanza kulia, na nilitaka apime ile laini ya volti 12, inayolisha kadi, chini ya mzigo. Wati 275 za 2012 si lazima ziwe 275 leo. Nilimpelekea bila diski.

"Mwanangu, na diski iko wapi? Sasa n'taijuaje kama yafanya kazi?"

"Mzee, tia diski yako. Yangu ina harusi za watu."

Akacheka, akaelewa, kumbe naye ana mabinti. Akabadilisha feni, akapima, akasema moto unatosha. Mimi simtuhumu fundi yeyote. Ni kwamba kuitoa diski kwenye 7010 ni kubana vipande viwili vya plastiki ya buluu na kuvuta, hata bisibisi haihitajiki, na baada ya hapo huna la kumweleza mama wa bibi harusi.

Kuweka kadi ni kazi ya muda mfupi. Sloti ndefu ziko mbili, ila moja tu ndiyo yenye njia zote 16 za data. Nyingine kwa umbo ni sawa, ndani ina njia 4. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye mazabodi. Nilikuwa nimeshapandisha BIOS, ile programu ndogo ya kwenye bodi inayoiamsha mashine, hadi toleo la mwisho la Dell, kwa sababu mashine za umri huu zikiwa na BIOS ya zamani zinaweza kuikataa kadi iliyozaliwa baada yao. Na hiyo ifanywe mashine ikiwa kwenye UPS (betri ya akiba) iliyojaa, si umeme mtupu. Stima ikikatika katikati ya kuandika BIOS, umebaki na kasha.

Kisha monita. Yangu ilikuwa ya VGA pekee, na kadi, kama nilivyosema, haina. Kile kichwa kidogo cha bei rahisi cha kugeuza DVI hakisaidii, kwa kuwa kinategemea kadi itoe analogi. Kinachotakiwa ni kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye saketi yake ndani. Na waya wa monita uhamie kwenye kadi; wapo wanaouacha kwenye mazabodi wakadai kadi imekufa.

Rangi sasa naziona zikibadilika huku video inacheza, ndani ya Resolve, na ule ujumbe wa kumbukumbu siuoni ila nikirundika vitu. Faida nyingine ni kwenye HandBrake, ninapopunguza faili la mwisho liingie kwenye flashi ya mteja. Nikichagua NVENC, ndicho kile kifaa cha kusimbia video, kadi inafanya kazi ambayo prosesa peke yake ingekesha nayo. Ila nisitie chumvi: kwa ukubwa ule ule wa faili, prosesa kwa mwendo wake wa pole hutoa picha safi zaidi kidogo. Kwa nakala za jamaa na mashoga natumia kadi. Nakala ya bibi harusi mwenyewe naiachia prosesa usiku. UPS nayo imepunguza dakika zake tangu kadi iingie, jambo la kutarajiwa. Na mashine ikizimwa naifunika kanga kuukuu, dirisha la baharini nalifunga. Ikiwa inafanya kazi haifunikwi.

Zaidi ya hapo sitaiongezea. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Yangu ni ya tatu. Nimeitoa kwenye intaneti kabisa. Video zinaingia kwa kadi ya kamera na kutoka kwa flashi, na wateja wangu wamelipenda hilo kuliko rangi zote nilizowarekebishia. Nilipokuwa na pesa ya kujaza RAM hadi 32 sikujaza, kwani mashine ijayo itakuwa ya DDR4, RAM ya aina mpya zaidi, na hizi hazitaingia humo. Kadi itahama. Mdogo wangu ameshaanza kuizungukia 7010, anauliza nitahama lini, na kama nitaiacha na kadi yake. Nimemwambia kadi haiachwi, na diski ndiyo asiitaje kabisa.